Namba tasa ya tarakimu milioni 41: nani aliigawanya?

SWALI: Nafundisha hisabati sekondari. Niliwaonyesha wanafunzi namba 2^136279841 − 1, ile iliyotangazwa mwaka 2024, nikawaambia ni namba tasa yenye tarakimu zaidi ya milioni 41. Mmoja akauliza, "Mwalimu, nani aliigawanya kwa namba zote mpaka akajua haigawanyiki?" Nilikwama. Naomba mnieleze ilithibitishwaje, ni kitu gani tunaweza kukikokotoa wenyewe darasani, ina faida gani (kuna anayedai ndiyo inayolinda benki), na kama kompyuta za shule zinaweza kushiriki kutafuta nyingine.

JIBU: Mwalimu, mwambie mwanafunzi wako kwamba hakuna aliyeigawanya, na kwa njia anayoifikiria hakuna atakayeweza. Njia ya darasani ni kugawanya kwa namba tasa zote zisizozidi kipeuo cha pili. Kwa 127 unajaribu 2, 3, 5, 7 na 11, kazi imekwisha. Sasa namba yetu, tuiite M, kipeuo chake cha pili peke yake kina tarakimu zaidi ya milioni 20. Hata mashine zote za dunia zikiungana hazitafika popote.

Kilichowezesha uthibitisho ni umbo la namba yenyewe. Iandike M kwa mfumo wa biti (tarakimu 0 na 1 tu): ni tarakimu 1 zilizopangwa mstari mmoja, 136,279,841 kwa idadi, bila sifuri hata moja. Namba za umbo hili, 2^p − 1, huitwa namba za Mersenne, kwa jina la mtawa wa Ufaransa Marin Mersenne aliyetoa orodha yake mwaka 1644. Orodha ile ilikuwa na makosa: alitia vipeo 67 na 257 visivyostahili, akaacha 61, 89 na 107. Tusimlaumu sana, maana hakuwa na jaribio tulilo nalo leo.

Anza na kipeo. Ili 2^p − 1 iwe tasa, sharti p yenyewe iwe tasa. Hili unaweza kulionyesha ubaoni kwa dakika mbili. Chukua 2^15 − 1 = 32,767. Kwa biti ni moja kumi na tano. Kwa kuwa 15 ni 3 × 5, zikate mafungu ya tatu-tatu:

111 111 111 111 111

Kila fungu ni 7. Kwa hiyo namba nzima inagawanyika kwa 7, na jibu ni 4,681. Zikate tano-tano, utaona inagawanyika pia kwa 11111, yaani 31. Kipeo kikiwa tasa, huwezi kuzikata mafungu sawa namna hii.

Wanafunzi wengi watarukia kusema basi kila kipeo tasa kinazaa namba tasa. Wasimamishe kwa 2^11 − 1 = 2,047, ambayo ni 23 × 89. Sharti hili ni mlango tu.

Hatua ya pili ni kuwinda vigawo vidogo, na hapa pana uzuri wake. Kigawo chochote tasa cha 2^p − 1 (p ikiwa namba tasa ya witiri) lazima kiwe cha umbo 2kp + 1, tena ukikigawanya kwa 8 kibaki 1 au 7. Angalia 2,047: 23 = 2×1×11 + 1, na 89 = 2×4×11 + 1. Kwa M, jaribio la kwanza ni k = 1, yaani 272,559,683; ukigawanya kwa 8 inabaki 3, tupa. Kwa k = 2 unapata 545,119,365, inaishia na 5, tupa. Kwa k = 3 unapata 817,679,047, kwa 8 inabaki 7, hiyo ndiyo ya kwanza kustahili kujaribiwa. Wala huhitaji kuiandika M yote ili kuijaribu. Unatafuta baki la 2^136279841 ukigawanya kwa mshukiwa wako, kwa kuzidisha baki kwa lenyewe na, inapobidi, mara mbili tena. Kipeo hiki kina biti 28, kwa hiyo ni hatua 27 tu. Baki likiwa 1, umepata kigawo. Namba nyingi za Mersenne huanguka hapa, mapema na kwa gharama ndogo. M haikuanguka.

Zinazovuka ndizo zinazoingia kwenye jaribio lenyewe, la Lucas na Lehmer. Édouard Lucas, Mfaransa, alilianzisha miaka ya 1870; Derrick Henry Lehmer wa Marekani akalinyoosha miaka ya 1930. Maelezo yake yanaenea kwenye kiganja: anza na 4. Zidisha namba uliyonayo kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 2^p − 1, chukua baki. Rudia mara p − 2. La mwisho likiwa sifuri, namba ni tasa. Lisipokuwa sifuri, si tasa. Hakuna "pengine" hapo.

Fanyeni kwa p = 7, ambapo 2^7 − 1 = 127, hatua tano:

4 × 4 − 2 = 14
14 × 14 − 2 = 194, baki 67
67 × 67 − 2 = 4,487, baki 42
42 × 42 − 2 = 1,762, baki 111
111 × 111 − 2 = 12,319, baki 0

12,319 ni 127 × 97 kamili. 127 ni tasa, na hatukuigawanya kwa 3 wala 5 wala 7.

Sasa wape 2,047 wafanye hatua tisa. Mfuatano ni 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. Mwisho si sifuri, basi 2,047 si tasa. Waoneshe kwamba jaribio limesema "si tasa" bila kutaja 23 wala 89. Kuijua namba kuwa si tasa na kuvijua vigawo vyake ni kazi mbili tofauti kabisa. Lucas alionyesha mwaka 1876 kwamba 2^67 − 1 si tasa, lakini vigawo vyake, 193,707,721 na 761,838,257,287, vilipatikana mwaka 1903 kwa juhudi za Frank Nelson Cole. Miaka 27 dunia ilijua inagawanyika isijue kwa namba zipi.

Kuna jambo moja la ufundi ambalo ndilo linalozifanya namba za Mersenne zishike rekodi mara kwa mara. Kutafuta baki kwa kawaida ni kugawanya, na kugawanya namba ndefu ni kazi nzito. Kwa 2^p − 1 hugawanyi, unakunja. Chukua 4,487 na 127. Badala ya kugawanya kwa 127, igawe kwa 128, ambayo kwa kompyuta ni kuhesabu biti saba kutoka kulia na kukata hapo: 4,487 ni 35 × 128 na zinabaki 7. Jumlisha vipande viwili, 35 + 7 = 42. Ndilo baki letu la hatua ya tatu hapo juu. Kwa M ni hivyohivyo: unakata kwenye biti ya 136,279,841, unajumlisha kipande cha juu na cha chini, basi. Namba tasa isiyo na umbo maalumu haikupi nafuu hii wala haikupi jaribio fupi kiasi hiki, ndiyo maana huoni rekodi ya tarakimu mamilioni kwa namba iliyookotwa tu.

Kazi inayobaki ni kuzidisha. Kila hatua ni namba ya biti milioni 136 kuizidisha kwa yenyewe, na hatua ziko zaidi ya milioni 136. Kuzidisha kwa mkono wa shule kungeua mradi, kwa hiyo hutumika mbadiliko wa Fourier wa haraka: namba hukatwa vipande vya biti kama 18 au 19, zaidi ya vipande milioni 7, vikabadilishwa, vikazidishwa kimoja kimoja, vikarudishwa. Tatizo ni kwamba mbadiliko huu hufanywa kwa namba za desimali za kompyuta, zenye usahihi wenye kikomo. Jibu la kila kipande linatakiwa litue karibu kabisa na namba kamili. Likitua katikati, mfano nukta 4 na zaidi, programu haijui ikadirie kwenda juu au chini. Ukijaza biti nyingi mno kwenye kipande unaharakisha kazi lakini unakaribia ukingo huo. Na kosa la biti moja katika hatua ya milioni 3 linaharibu hatua zote milioni 133 zinazofuata, kimyakimya. Mwisho utapata namba isiyo sifuri, utasema "si tasa", na utakuwa umeitupa namba tasa jalalani.

Ndiyo sababu siku hizi jaribio la Lucas na Lehmer si la kwanza kufanywa. Huanza jaribio la Fermat kwa msingi wa 3: anza na 3, zidisha kwa yenyewe mara p, ukichukua baki kila mara. Namba ikiwa tasa, lazima ufike kwenye 9. Kwa 127, mara saba: 9, 81, 84, 71, 88, 124, 9. Imefika.

Msitumie msingi wa 2, hapo wengi huteleza. Namba zote za Mersenne zenye kipeo tasa hufaulu kwa msingi wa 2, hata zisizo tasa. 2^11 ukigawanya kwa 2,047 inabaki 1, na 2,046 ni 11 × 186, kwa hiyo 2^2046 nayo inabaki 1, kana kwamba 2,047 ni tasa. Kwa msingi wa 3 inaumbuka: 3^2046 inabaki 1,013.

Kinachopendwa kwenye jaribio la Fermat si ukali wake, maana likifaulu linasema tu "inaelekea kuwa tasa". Kinachopendwa ni kwamba linakubali uhakiki wa Gerbicz, uliobuniwa mwaka 2017. Programu hukusanya zao la matokeo ya kila baada ya hatua kadhaa, kisha hulilinganisha na zao lililopatikana kwa njia ya pili. Yasipolingana, inarudi mahali pa mwisho palipohakikiwa na kuanza tena pale. Jaribio la Lucas na Lehmer halina uhakiki wa aina hiyo. Dawa yake ni kurudia kazi yote kwa mashine na programu nyingine.

Kwa M mambo yalikwenda hivyo hasa. Tarehe 11 Oktoba 2024 kadi ya GPU (prosesa ya michoro) aina ya NVIDIA A100 iliyoko Dublin, Ireland, ilitoa jibu la "inaelekea kuwa tasa". Kesho yake kadi ya NVIDIA H100 iliyoko San Antonio, Texas, ilimaliza jaribio la Lucas na Lehmer na kupata sifuri. Likafuata zoezi la kurudia kwa programu na mashine tofauti, na tarehe 21 Oktoba ikatangazwa. Mgunduzi ni Luke Durant wa San Jose, California, aliyewahi kufanya kazi NVIDIA. Alikodi GPU kwenye vituo vya data vya nchi 17 na kuendesha kazi ya GIMPS, mradi wa watu wa kujitolea wa kutafuta namba tasa za Mersenne, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996. Iliyokuwa inashika rekodi, 2^82589933 − 1, ilipatikana Desemba 2018 na ina tarakimu 24,862,048.

Usiwaambie wanafunzi kwamba M ni namba tasa ya Mersenne ya 52. Sema ni ya 52 kujulikana. Baadhi ya vipeo vilivyo chini yake havijajaribiwa mara mbili, na huenda nyingine imejificha katikati.

Tuje kwenye mnachoweza kukokotoa. Idadi ya tarakimu inahitaji logi tu. Logi ya 2 ni 0.30102999566398. Izidishe kwa 136,279,841, unapata 41,024,319.9453. Chukua namba kamili, ongeza 1: tarakimu 41,024,320. Kutoa 1 mwishoni hakubadilishi idadi, kwa kuwa 2 kwa kipeo chochote haiishii na sifuri. Angalizo: kikokotoo chenye logi ya tarakimu nne, 0.3010, kitakupoteza kwa zaidi ya tarakimu elfu nne, kwa sababu kosa dogo linazidishwa kwa milioni 136.

Ile sehemu ya desimali nayo isitupwe. 10 kwa kipeo 0.945318 ni 8.81694, kwa hiyo M inaanza na 881694.

Za mwisho ni rahisi zaidi. Tarakimu tatu za mwisho za 2^n, kuanzia n = 3, hujirudia kila baada ya vipeo 100. Kipeo chetu kinaishia na 41. Tafuta 2^41, ni 2,199,023,255,552, inaishia na 552. Toa 1: M inaishia na 551. Darasa zima linaweza kulifanya hili kwa kalamu.

Ukiichapa kwa tarakimu 4,000 kwa ukurasa, utahitaji kurasa 10,257. Hata ukichapa pande zote mbili, rimu kumi hazitoshi. Ila kwa biti, kumbukumbu inayohitajika ni MB 17 tu.

Kama mna Python, hii inatosha:

def tasa(p):
    M = (1 << p) - 1
    s = 4
    for i in range(p - 2):
        s = s*s - 2
        s = (s & M) + (s >> p)
        if s >= M: s -= M
    return s == 0

Mstari wa tatu kutoka mwisho ndio ule mkunjo. Inafanya kazi kwa p tasa kuanzia 3. Jaribuni 521, 607, 1279, 2203, 4423, zote zitajibu True mara moja au karibu hivyo. Kwa 44497 subirini, inaweza kuchukua dakika moja au zaidi. Msiijaribu 136279841: Python huzidisha kwa njia ambayo kipeo kikiongezeka mara mbili, kazi yote inaongezeka karibu mara sita. Kama 44497 ni dakika moja, M ingekuchukua kama miaka elfu mbili. Kingine kitakachowasumbua ni print(M). Python za karibuni hukataa kugeuza namba ya zaidi ya tarakimu 4,300 kuwa maandishi na hutoa ValueError. Ruhusa ni sys.set_int_max_str_digits(0). Hata ukiruhusu, kugeuza tarakimu milioni 41 huchukua muda mrefu mno bila maktaba kama gmpy2. Kwa tarakimu za mwisho andika pow(2, 136279841, 1000) - 1.

Kuhusu benki, aliyekuambia amechanganya. Funguo za RSA (njia ya kusimba siri mtandaoni) za biti 2,048 hutumia namba tasa mbili za tarakimu kama 308 kila moja, na nguvu yake yote ni kwamba hazijulikani. Namba iliyotangazwa magazetini haifichi siri ya mtu, na ukubwa huu ungeikwamisha simu kabla muamala haujaanza. Zilizo ndogo za ukoo huu ndizo zina ajira: 2^521 − 1 ndiyo msingi wa P-521, mfumo mmoja wa usimbaji, na moduli ya random ya Python hutumia kizalishi ambacho mzunguko wake ni 2^19937 − 1, nayo ni namba tasa. M yenyewe inakupa, kwa kanuni ya Euclid, namba kamilifu 2^136279840 × M, ambayo jumla ya vigawo vyake ukiiacha yenyewe ni yenyewe, kama 6 = 1 + 2 + 3. Ina tarakimu 82,048,640. Zaidi ya hapo, faida iko kwenye programu. Prime95, inayotumiwa na GIMPS, huikamua prosesa kiasi kwamba mafundi huitumia kupima kompyuta, na mwaka 2016 ilifichua hitilafu kwenye prosesa za Intel Skylake.

(Jina "tasa" nalo lina kichekesho chake. Hizi tunazoziita tasa ndizo zinazozaa namba nyingine zote kwa kuzidishana.)

Kushiriki inawezekana, ila pigeni hesabu kwanza. Kipeo kimoja cha ukubwa huu kwenye kompyuta ya mezani ya kisasa huchukua siku kadhaa, na kwenye mashine kuukuu wiki nyingi. Mashine ya wati 100 ikiwaka mchana na usiku inakula uniti 2.4 za umeme kwa siku. Programu huhifadhi kazi kwenye diski mara kwa mara, kwa hiyo umeme ukikatika unapoteza dakika chache tu, mradi diski isiharibike. Uthibitisho wa jaribio la Fermat unataka nafasi ya diski: kwa kawaida mabaki 256 ya MB 17 huhifadhiwa njiani, zaidi ya GB 4. Mwisho kuna faili la kupakia lenye mabaki 9, karibu MB 150. Kwenye bando la shule hilo si dogo, ila linamwezesha mhakiki kuridhika kwa sehemu ndogo sana ya kazi mliyofanya. Unaweza kupunguza idadi ya mabaki kwenye mipangilio, gharama ikahamia kwa mhakiki.

Kabla ya kuanza, endesha jaribio la mateso la Prime95 kwa saa 24. Likitoa onyo la makosa, safisha vumbi kwenye feni, badilisha grisi ya prosesa, na kama kuna aliyeongeza kasi ya mashine kupita ya kiwandani, irudishe. Makosa yakiendelea, jaribu RAM kipande kimoja kimoja. Na kama mashine ni kuukuu, ombeni kazi ya kutafuta vigawo badala ya jaribio zima. Ni ile hatua ya 2kp + 1, inakwisha upesi, na kila kigawo mtakachokipata wanafunzi wanaweza kukihakiki wenyewe kwa mstari mmoja wa pow.